Goma: Watoto Wetu Watajenga Wapi?

Vijana wakija parokiani kuandikisha ndoa, wazazi huwauliza neno moja kabla ya mengine yote: mtajenga wapi? Katika mji wa Goma swali hilo ni gumu kuliko mahali pengine. Wengine husema: nafasi ingaliko, tazameni uwanda mpana wote ule mweusi. Sisi tunaona ya kwamba upana si kitu cha kwanza cha kupima.

Tuanze na mipaka. Kusini ni ziwa Kivu. Mashariki ni Rwanda, na mpaka huo haukuwekwa na wenyeji: katika mwezi wa tano 1910 Wabelgiji, Wadachi na Waingereza walikutana Bruxelles wakagawana nchi kwa wino. Goma ikawa ya Kongo, Gisenyi ikawa ya Wadachi, ingawa mtu hutoka huku hata huko kwa miguu kabla ya ugali kupoa. Kaskazini ni mlima Nyiragongo, urefu wake meta 3,470 hivi, nao umo katika hifadhi iliyoanzishwa na mfalme Albert wa Kwanza mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye, ile iitwayo leo Virunga. Umebaki mlango wa magharibi tu, njia ya Sake.

Wakati wa Wabelgiji mipaka hiyo haikumsumbua mtu, maana Goma ilikuwa posti ndogo. Vita ndivyo vilivyoijaza. Katika mwezi wa saba 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu. Kiisha, miaka kwa miaka, watu wa Masisi na Rutshuru waliacha mashamba yao wakatafuta usalama mjini. Hawakuja kwa kupenda taa za umeme. Leo wengi hukadiria ya kuwa wakaaji wamepita milioni moja.

Basi tuutazame mlima, ambao kilele chake hakifiki kilometa 20 kutoka mjini. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 ubavu wake ulipasuka, na ziwa la moto lililokuwa juu likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Watu wa vijiji vya chini hawakuwahi kukimbia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto uliingia mjini kabisa. Ulifunika kipande cha uwanja wa ndege, ukapita katikati ya maduka, ukalichoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukazama ziwani. Watu kama 120,000 walikosa nyumba. Palitokea mawazo ya kuuhamisha mji. Lakini waliokimbilia Gisenyi walianza kurudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto, wakatafuta alama za viwanja vyao. Tusiwacheke. Kiwanja ndicho mali pekee waliyokuwa nayo, na asiyekikalia hunyang'anywa.

Tena jumamosi jioni, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mkesha wa Pentekoste, moto ulishuka ukasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa kumi ihame, kwa sababu vyombo vya wataalamu vilionyesha ya kuwa moto umefika chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa. Hapo ndipo hesabu ya meta za mraba inaposhindwa. Uwanja unaweza kuwa mtupu na bado usiwe wa kukaliwa.

Zaidi ya hayo, jiwe la volkano hushika vizuri msingi wa nyumba, lakini halichimbiki. Choo ni kazi ya majuma kwa nyundo na patasi, na maji hubebwa kwa bidoni. Kwa hiyo wenye fedha kidogo huvuka mpaka wa mji na kununua mashamba katika usheferi wa Bukumu. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Hata hivyo mtu huuziwa na mkulima, mbele ya shefu, kisha hudaiwa karatasi na ofisi ya mji. Mahakamani kesi hazikosi. Naye mkulima, fedha zikiisha, amebaki na jembe bila shamba. Kwetu, huyo ndiye wa kuulizwa kwanza watu wanaposema nafasi ipo.

Umebaki ule mlango wa magharibi. Huko, Mugunga na Bulengo, kuna mazuku: hewa nzito isiyoonekana, itokayo ardhini na kulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri. Mbuzi huinamia majani asiinuke tena, na watoto pia wamekufa hivyo. Anayepima kiwanja huko kwa kamba tu hajapima kitu.

Wengine wanashauri kujenga kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, nasi twakubali kwa wenye uwezo. Wengi waliobaki watafuata njia ya Sake. Lakini mwaka 2021, mitaa kumi ilipoamriwa kuhama, njia hiyohiyo ndiyo iliyopitisha wengi, na magodoro vichwani. Ikijazwa nyumba pande zote mbili mpaka Sake, siku mlima utakapopasuka tena watu watapita wapi?