Kuhasiwa kwa Sindano

Guka wangu amehasi mafahali wengi kule Siakago. Majirani walimwita wakiwa na dume la kufanywa maksai wa kuvuta jembe. Kwa hiyo siku daktari wa Embu alipomweleza kazi ya sindano ya kila miezi mitatu, guka alimkatiza: "Yaani mnataka kunifanya maksai?" Daktari akacheka, halafu akanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Nilikuwa nimeacha chuo, basi kumsindikiza kliniki ikawa kazi yangu. Saratani ya tezi dume ilikuwa imerudi. Miaka sita nyuma alipigwa mionzi Nairobi, kipimo cha PSA kikashuka, tukasahau. Sasa kilikuwa kinapanda. Shangazi anayeishi Nkubu, upande wa Meru, alitaka tezi itolewe yote, hata ikibidi kuuza shamba. Alituma pia gome la mwiria. Gome hilo huuzwa hata Ulaya kwa tezi iliyovimba bila saratani, na mti umechunwa mpaka biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 1995. Saratani ni kitu kingine.

Guka akaniambia, "Wewe unasomasoma. Nitafutie hii sindano imetoka wapi."

Imetoka kwa mbwa. Charles Huggins, daktari wa upasuaji Chicago, alichunguza mbwa kwa sababu nao huugua tezi wakizeeka. Ukiwatoa korodani, tezi hunywea. Mwaka 1941 yeye na Clarence Hodges walionyesha kwamba hata kwa wanaume ambao saratani imeshasambaa, kuhasiwa au kupewa homoni ya kike hushusha dalili za ugonjwa kwenye damu. Huggins alipewa Nobel mwaka 1966.

Tembe za stilbestroli, homoni ya kike ya kutengenezwa, zilionekana nafuu kuliko kisu. Halafu hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zikalinganisha wagonjwa miaka ya 1960: waliomeza dozi kubwa walikufa kidogo kwa saratani, na zaidi kwa moyo. Hapo nilisimama kusoma. Guka ana presha.

Sindano ya leo ilianzia kwenye bongo za nguruwe, ambamo Andrew Schally na wenzake walipata homoni inayoamuru korodani zifanye kazi. Ukiiga homoni hiyo na kuidunga mfululizo, korodani huzimika zenyewe. Hakuna kidonda, lakini nguvu za kiume huondoka, mifupa hudhoofika, na jasho humwagika usiku.

Na kisu? Kupasua mahali palipopigwa mionzi ni kazi ngumu. Nyama hushikana, na hatari ya kubaki ukivuja mkojo ni kubwa. Shangazi hakupenda kusikia hilo.

Kilichonishangaza ni utafiti wa Johns Hopkins wa mwaka 1999. Wanaume ambao PSA ilirudi baada ya upasuaji, bila kupewa homoni, nusu yao walikaa miaka 8 au zaidi kabla saratani haijaonekana kwingine mwilini. Guka hakupasuliwa, kwa hiyo namba hiyo si yake. Yake ilikuwa kwenye utafiti wa 2012, wa wanaume walioshapigwa mionzi kama yeye. Kundi moja lilidungwa bila kukoma. Lingine lilidungwa miezi minane, likapumzika hadi PSA ipande tena. Wa kwanza waliishi miaka 9.1 kwa wastani wa kati, wa pili 8.8.

Nilimsomea chini ya mwembe. Akauliza tofauti ni miezi mingapi. Nikamwambia mitatu na kitu.

"Hiyo ni msimu mmoja wa ndengu," akasema. "Na hao wa kupumzika, wanakuwa wanaume tena?"

Wengine, nikajibu, kwa muda.

Alimpelekea daktari swali hilo mwenyewe, na wakakubaliana: miezi minane, halafu tuone. Usiku jasho lilipoanza, cucu alicheka sana, akasema zamu yake ilishapita. Mwezi wa nane umeisha na sindano zimesimama. Shangazi bado hajakubali. Kila akipiga simu anauliza tezi itatolewa lini, na guka ananipa simu mimi.