Setilaiti ya Uhuru na Bahari ya Ngomeni

Tarehe 12 Disemba, 1970, siku ambayo Jamhuri ya Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba tangu kujitawala, iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mkabala wa Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, nayo imechukua setilaiti ambayo, kwa taadhima ya siku ile, ilipewa jina la Uhuru.

Jukwaa hilo, San Marco, lilikuwa la Wataliani, na mwasisi wa kazi yote ile alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, aliyetambua mapema kwamba nchi yake, isiyokuwa na jangwa wala nyika ya kurushia roketi pasi na kuhofia mapaa ya majirani, ingeweza kuazima bahari. Wala hakuijia Ngomeni kwa uzuri wa pwani yake; pale ni takriban digrii 3 tu kusini ya istiwai, ambako dunia huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, hata roketi ielekeayo mashariki hujipatia mwendo huo bure kabla haijawashwa, na mbele yake pana maji matupu. Wataliani walikwisha kupajaribu mwezi wa Aprili, 1967, kwa setilaiti yao wenyewe, San Marco 2. Lakini Uhuru ilikuwa ya Wamarekani, na ndiyo ya kwanza yao kurushwa na mikono ya taifa jingine.

Kazi iliyopewa haikuwa imepata kukabidhiwa setilaiti yoyote peke yake: kuchungua miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Miale hiyo haifiki ardhini, kwani hewa huimeza, na kwa hiyo wanafalaki walikuwa wakitegemea roketi ndogo zilizopanda na kuanguka baada ya dakika chache, wakiitazama mbingu kama msafiri aitazamaye njia kwa mwanga wa radi. Uhuru, iliyobuniwa na Riccardo Giacconi na wenzake, na kusimamiwa na Bibi Marjorie Townsend wa NASA, iliipekua mbingu yote kwa zaidi ya miaka miwili, ikaacha daftari la vyanzo 339. Kimoja katika hivyo, Cygnus X-1, kilikuwa kikipepesa upesi mno, kwa muda usiotimia sekunde, dalili ya kwamba ni kitu kidogo sana. Na wanafalaki walipokwisha kuipima nyota kubwa inayoandamana nacho, walielekea kuhukumu kwamba ni shimo jeusi. Kwa rai yangu, hilo peke yake lingetosha kuiheshimisha Ngomeni.

Giacconi alitunukiwa nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Roketi ya mwisho ilirushwa kutoka San Marco mwezi wa Machi, 1988, na kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Broglio, kimebakia na kazi ya kupokea habari za setilaiti zinazopita juu yake.