Uvira
Uvira ni mji wa Kivu Kusini, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mkabala na Bujumbura. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika hapa kwa mitumbwi mwaka 1858. Mji hauna majumba ya fahari. Mgeni hukuta mitaa kama Rugenge na Mulongwe, bandari ya Kalundu, na ufuko ambako ndagala, samaki wadogo waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa , huanikwa juani. Kaskazini, bonde la Ruzizi hulimwa mpunga, mihogo na, hasa huko Kiliba, miwa. Mto Mulongwe hushuka kwa kasi kutoka milimani. Mafuriko yake ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba nyingi.