Mashine za boti: pampu ya oili iachwe au izibwe?

Doornfontein, mmoja wa mitaa ya kale ya Johannesburg, uko mamia ya kilomita kutoka bahari iliyo karibu. Hata hivyo, wakazi wa jiji hilo wenye boti ndogo huzivuta kwa trela mwishoni mwa juma hadi bwawa la Vaal, upande wa kusini, na miongoni mwa mashine wanazopachika nyuma ya boti hizo zimo za miaka ya 1980 na 1990. Swali linalowasumbua wamiliki wake huulizwa pia Kilwa, Mombasa na Mwanza: je, mfumo unaochanganya oili na petroli wenyewe uachwe ufanye kazi, au uzibwe na oili itiwe kwa mkono ndani ya dumu?

Injini ya mipigo miwili haihifadhi oili chini yake kama injini ya gari. Petroli hupitia kwanza chumba cha kranki, na oili iliyochanganyika nayo ndiyo inayolainisha beringi, pistoni na kuta za silinda. Ikikosekana kwa dakika chache tu wakati mashine inakwenda kwa kasi, pistoni hukwama. Mafundi husema imenoki, na mara nyingi gharama ya kuifufua hushinda thamani yake. Kwa mvuvi aliye katika mkondo wa Pemba upepo ukibadilika, gharama hiyo si suala la fedha pekee.

Awali kila mtumiaji alichanganya mwenyewe, kwa kawaida sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Mwaka 1984 kampuni ya Marekani ya OMC, iliyotengeneza mashine za Johnson na Evinrude, ilileta mfumo wa VRO. Pampu yake ilivuta oili kutoka tangi la peke yake na kupunguza kiasi chake mashine ilipokwenda taratibu. Moshi ulipungua, na oili pia. Lakini mfumo huo ulipata sifa mbaya mapema, na tangu hapo wapo wamiliki wanaouziba siku ile ile wanaponunua mashine.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, uamuzi wa namna hiyo hufanywa kwa hofu kuliko kwa uchunguzi. Mara nyingi kosa haliko kwenye pampu: mpira uliopasuka unavuta hewa, maji yameingia kwenye tangi la oili, au king'ora cha tahadhari kilikufa zamani na hakuna aliyekijaribu. Hayo hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Tia katika tangi la petroli mchanganyiko wa 50 kwa 1, ili injini iwe salama hata pampu ikiwa imekufa. Weka alama ya kiwango cha oili ubavuni mwa tangi lake, kisha endesha mashine majini na upime petroli iliyotumika. Moshi utakuwa mwingi, usiushangae. Kiwango cha oili kikishuka kwa kadiri inayolingana na maelezo ya mtengenezaji, na king'ora kikalia kinapojaribiwa, sababu ya kuziba haipo. Kisiposhuka, na mipira ni mizima, hapo pampu ndiyo ya kushukiwa.

Ugumu huanzia kwenye spea. OMC ilifilisika Desemba 2000, na BRP, iliyorithi majina yake, ilitangaza Mei 2020 kwamba inaacha kutengeneza mashine za Evinrude. Pampu isiporekebishika na mpya isipopatikana, kuziba ni uamuzi wa busara.

Namna ya kuziba hutofautiana. Katika VRO, pampu hiyo hiyo husukuma pia petroli. Kinachozibwa ni njia ya oili tu, au pampu nzima hubadilishwa na ya petroli ya kawaida. Katika mashine nyingi za Mercury za V6 za zamani, pampu huzungushwa na gia ya kranki. Kumwaga oili na kuiacha pampu izunguke kavu ni kualika balaa. Pampu na gia yake huondolewa na tundu kufunikwa. Waya za tahadhari ya oili hukatwa, lakini king'ora cha joto kisiguswe.

Zipo mashine ambazo hazizibwi kabisa: OptiMax za Mercury, HPDI za Yamaha, Ficht na E-TEC za Evinrude. Humo petroli hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda bila kupita kwenye kranki, hivyo oili iliyo ndani ya dumu haitafika kwenye beringi.

Baada ya kuziba, hatari huhamia kwa mtu anayechanganya. Mvuvi anayetumia petroli yake yote siku ile ile, na ambaye ndiye pekee anayejaza madumu, ana nafasi nzuri. Haishangazi kwamba Yamaha Enduro, iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, huuzwa bila pampu ya oili. Boti yenye manahodha wanaopokezana ina shaka zaidi, kwani siku moja dumu tupu la oili litaletwa. Mtu wa Doornfontein, ambaye mchanganyiko wake hukaa miezi ya baridi bila kutumika, ataacha petroli ichakae na oili igande kwenye kabureta. Mwinuko wa Vaal, takriban mita 1,500, hupunguza nguvu ya injini, lakini usiwe kisingizio cha kupunguza oili.

Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Pale mtengenezaji anapotaka 50 kwa 1, dumu la lita 20 huhitaji mililita 400, na la lita 25 nusu lita. Tangulia kutia oili na petroli kidogo, tikisa, kisha jaza. Kila dumu lililokwisha kuchanganywa lifungwe kitambaa shingoni, maana kwa macho, petroli yenye oili na isiyo na oili hukaribia kufanana ndani ya dumu la rangi.