Hodi ya Kipanya

Mwaka jana niliandika programu ndogo ya kutunza madeni ya duka la mama mdogo, hapa Lagangabilili. Vitufe viwili, "Hifadhi" na "Futa", nikaviweka bega kwa bega, vyote rangi ya kijivu. Wiki ya pili mama mdogo akabonyeza kisicho chenyewe. Madeni ya msimu mzima wa pamba yakapotea. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mbona hicho kitu hakikuniambia chochote?"

Swali hilo ni la zamani kuliko programu yangu. Douglas Engelbart aliionyesha dunia kipanya tarehe 9 Desemba 1968, kule San Francisco. Kwa muda mrefu baada ya hapo vitufe vingi vilikaa kimya mpaka uvibonyeze. Mwaka 1991 Apple, katika System 7, walileta maputo ya maelezo: ukipeleka mshale juu ya kitu, puto linatokea na kukieleza. Windows 95 ikavifanya visanduku vya maelezo kuwa jambo la kawaida. Mwaka 1996 ikaja Internet Explorer 3, yenye vitufe bapa vilivyoinuka na kupata rangi mshale ukivipitia.

Kwangu mimi hiyo ni hodi. Kwetu huingii nyumba ya mtu kimyakimya. Unabisha, mwenyewe anaitika, ndipo unavuka kizingiti. Mshale unabisha, kitufe kinaitika. Ila kitufe kikiitika kwa lugha usiyoijua, bado umesimama nje. Ndiyo maana naiheshimu Jambo OpenOffice, iliyotoka mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden: programu ya ofisi iliyomsemesha mtu Kiswahili.

Nikarudi kwenye Java. Huko kipanya kuingia juu ya kitufe ni tukio, na kutoka ni tukio jingine. Kikiingia, "Futa" inageuka nyekundu na maneno yanatokea: "Deni hili litafutika kabisa." Kikitoka, kijivu kinarudi. Usiposhughulikia kutoka, wekundu unaganda, na onyo lisilozimika halimwonyi mtu.

Sasa mama mdogo anataka daftari lake liwe kwenye simu. Hapo kuna kazi. Kidole hakibishi hodi. Kikigusa kioo, kimeshaingia. Itabidi simu imuulize kwanza, kwa Kiswahili, kabla haijafuta deni la mtu.