Manyunyu yanayoganda

Manyunyu yanayoganda ni manyunyu ya vitone vya maji vilivyopoa chini ya nyuzijoto 0 °C bila kuwa barafu. Vitone hivyo huganda vinapogusa kitu chenye baridi, kama vile jiwe, waya au bawa la ndege. Kipenyo cha kila kimoja hakifikii milimita 0.5. Katika Afrika ya Mashariki hali hiyo hupatikana juu sana, ndani ya mawingu, na utabiri wake ni muhimu hasa kwa usalama wa ndege.

Jinsi yanavyotokea

Shuleni hufundishwa kwamba maji huganda kwenye 0 °C. Hata hivyo, kitone kidogo cha maji safi ndani ya wingu kinaweza kubaki majimaji hadi karibu -38 °C. Ili kigande mapema zaidi kinahitaji chembe ya kuanzishia barafu, kama vile vumbi la udongo, aina fulani za bakteria au mabaki ya mimea. Mwaka 1982 utafiti uliochapishwa katika jarida la Tellus ulionyesha kwamba hata takataka za majani ya chai ya Kenya zina chembe hizo. Zinazoweza kufanya kazi kati ya 0 °C na -10 °C ni chache sana.

Milima huulazimisha upepo wenye unyevu kupanda. Hewa inayopanda hupoa, mvuke wake huwa vitone, navyo hugongana na kuungana hadi kuwa manyunyu. Kama kilele cha wingu hakijapoa kupita -10 °C hivi, kwa kawaida barafu huwa haijaanza, na manyunyu hubaki majimaji. Wingu likipoa zaidi, fuwele za barafu hutokea, hukua kwa kuchukua mvuke wa vitone, na kuwa theluji.

Kimo cha kuganda

Ngumbo iko kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani joto la hewa hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kama ufukweni kuna 28 °C, 0 °C itafikiwa karibu na mita 4,800. Milima ya Livingstone, kaskazini mwa hapo, haifikii mita 3,000. Kwa hiyo manyunyu yanayofunika milima ya Umatengo huko Mbinga ni maji ya kawaida.

Vilele vya Kilimanjaro (mita 5,895), Mlima Kenya (mita 5,199) na Ruwenzori (mita 5,109) huvuka kimo hicho, hivyo mawingu yanaweza kupaka miamba yake barafu.

Jalidi ya Kitulo ni jambo tofauti. Hutokea usiku mkavu usio na mawingu, ardhi inapopoteza joto lake.

Utabiri

Mtabiri hutafuta majibu ya maswali manne:

1. Kimo cha 0 °C kiko wapi leo?
2. Je, kuna wingu kati ya 0 °C na -15 °C?
3. Kilele cha wingu kina baridi kiasi gani?
4. Je, upepo unasukuma unyevu kuelekea mlimani?

Majibu hutokana na maputo ya hali ya hewa, picha za setilaiti, modeli za kompyuta na taarifa za marubani. Ugumu ni kwamba maputo hurushwa katika vituo vichache, setilaiti huona zaidi sehemu ya juu ya wingu, na modeli nyingi hupunguza urefu wa milima. Nchini Tanzania utabiri wa usafiri wa anga hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Hatari kwa ndege

Manyunyu haya huweza kuganda nyuma ya sehemu ya bawa yenye kinga dhidi ya barafu. Tarehe 31 Oktoba 1994 ndege aina ya ATR 72 ilianguka karibu na Roselawn, Indiana, Marekani, kwa sababu hiyo. Watu wote 68 walikufa.

Njia mojawapo ya kujiokoa ni kushuka kwenye hewa yenye joto zaidi. Juu ya Milima ya Livingstone rubani anaweza kushuka chini ya kimo cha kuganda akiwa bado juu ya vilele. Karibu na Kilimanjaro hawezi, kwa kuwa mlima wenyewe umepita kimo hicho. Hapo tahadhari inapaswa kumfikia kabla hajaingia katika wingu.