Tanuri, Mvuke na Platinamu: Chimbuko la Mitambo ya Nyuzi za Kioo

Kioo kilivutwa kuwa uzi kwa mkono tangu zama za kale, lakini gauni la kioo na hariri ambalo kampuni ya Edward Libbey ililionyesha Chicago mwaka 1893 lilidhihirisha kwamba ufundi huo, kwa uzuri wake wote, usingeweza kuzaa kiwanda. Mlango ulifunguka mwaka 1932 katika jimbo la Ohio, Marekani, pale Dale Kleist, aliyekuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo, alipoona hewa ya shinikizo ikipasua kioo kilichoyeyuka na kukitawanya kuwa nyuzi laini. Msimamizi wake, Games Slayter, alitumia mvuke badala ya hewa, na hivyo ikapatikana sufi ya kioo ya kuzuia joto.

Uzi usiokatika ulidai chombo kingine, na hapa ndipo uhandisi ulipofikia upeo wake. Chombo hicho ni sinia la aloi ya platinamu na rodiamu, metali zinazostahimili kioo chenye joto la takriban nyuzijoto 1,200, ambalo hupashwa kwa umeme unaopita mwilini mwake na kutobolewa vitundu vya milimita moja hadi mbili. Kila tone linaloning'inia chini yake huvutwa na pipa linalozunguka kwa kasi kubwa mno, hata unene wake ukabaki takriban sehemu ya mia moja ya milimita.